Waliokwenda Kupunga Upepo

Nawachukia watu wapole. Nitaanza na jirani yangu, Bi Mize, aliyekuja asubuhi akaweka jozi ya ndara mpya mlangoni petu, akazipanga vizuri, ncha zikielekea nje, akapiga hodi kwa sauti ya chini, kisha akaondoka kabla sijafungua. Katika mji huu hakuna tusi linalozidi ndara mpya. Mtu akianza kukohoa kikohozi cha chokaa, kile kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kitambaa chenye damu, majirani hawamwambii neno. Wanampelekea ndara. Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, anazivaa, anapanda ngazi mpaka Lango la Pembeni, anatoka, na harudi. Ukiuliza fulani yuko wapi, utaambiwa amekwenda kupunga upepo.

Ndara zile zilikuwa za dada yangu Sihaba.

Wewe unayesoma huenda umezaliwa mahali ambapo sakafu imetulia, kwa hiyo nitakueleza, ingawa sina hakika kama unastahili. Sisi tunaishi ndani ya shimo. Juu ya shimo kuna tanuri la chokaa tunalolifanyia kazi, na juu ya tanuri kuna Wenye Tanuri, ambao sijawahi kuwaona hata kisigino. Chini tuko sisi, sote kwenye sakafu moja. Mtu akifa humu ndani, akaonekana amekufa na jina lake likatajwa, sakafu yote hushuka. Nyumba, visima, vitanda, mbuzi, wagonjwa na wazima, vyote hushuka pamoja, na jua, ambalo hutuchungulia saa ya adhuhuri tu, hupunguza muda wa kutuchungulia. Hatujui sakafu inajuaje. Lakini mtu akitoka langoni angali anapumua, sakafu haitikisiki. Kigingi kimoja hupigiliwa ukutani kando ya lango, na maana ya kigingi hicho ni kwamba tulipomwona mara ya mwisho alikuwa hai. Zaidi ya hapo mji haujui kitu, na mji umejifunza kupenda kutojua.

Wakati nao hapa si mmoja. Kila mtu ana saa yake, iliyoanza kutembea siku alipoingia shimoni, na hakuna saa mbili zinazokubaliana. Sihaba alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, hilo nalikumbuka, nakumbuka hata harufu ya nywele zake. Lakini mimi niliingia humu kabla yake, kwa hiyo kwa hesabu ya mji mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye mdogo. Kuna asubuhi naamka nisijue kama mimi ni mtu, au ni kipande tu cha muda kilichonyooshwa kati ya kuingia na kuonekana mara ya mwisho. Najigusa uso. Naikuta pua yangu, nayaona mashavu ya baba yangu, halafu nasikia sauti ya Mkadiriaji ikituamkia kutoka juu, na hasira inanirudishia jina langu. Naitwa Kombo.

Mkadiriaji ana roshani inayoning'inia juu ya vichwa vyetu. Kila asubuhi hututangazia masalio, yaani muda ambao mtu wa kawaida wa shimo hili amebakiza kuishi. Kwa kuwa hakuna aliyekufa machoni mwetu tangu kifo cha Shibu, mchota maji wetu, masalio yetu yanazidi kurefuka. Tunatangaziwa uhai mrefu kwa sauti iliyoshiba, nasi tunapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja, maana mkono wa pili umeshika kitambaa mdomoni. Habari hiyo hupelekwa kwa Wenye Tanuri, nao wakiisikia huongeza moto, kwa sababu imethibitika kwamba chokaa haimdhuru mtu.

Nilizichukua zile ndara nikaenda kuzitupa miguuni pa Bi Mize. Alikuwa amemlaza mjukuu wake Zume kwenye mkeka, mahali ambapo jua lingefika likifika. Miguu ya mtoto imepinda kwa matege. Amekulia kivulini.

“Bi Mize, umesahau vitu vyako.”

“Si vyangu, mwanangu. Ni vya dada yako. Nimechagua laini, asije akachubuka.”

“Anakwenda wapi hata achubuke?”

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinipandisha hasira zaidi. “Kombo, usinifanye niseme. Mume wangu Makame alikwenda mwenyewe. Mwanangu Haji alikwenda mwenyewe, sikumsukuma. Wote wawili nimewapigia vigingi kwa mkono wangu huu. Mtoto huyu amebakiziwa kijipande cha jua. Shibu alipofia ndani, unakumbuka tulishuka kiasi gani?”

Nilikumbuka. Vifo vya zamani vilikuwa vikishusha sakafu unene wa kidole, mtu angeweza kulala asigundue. Kifo cha Shibu, aliyedondoka ghafla kisimani mbele ya watu hata asipate nafasi ya kuvaa ndara, kilitushusha kimo cha mtu mzima. Kuta zilipasuka. Tangu siku hiyo mji mzima unaamini kwamba Shibu alikuwa na dhambi nzito ya siri, na kwamba kila mmoja wetu huenda anayo ya kwake, na kwamba aliye muungwana huenda kuitua nje.

“Dada yangu ana dhambi gani?”

“Mimi nitajuaje? Anajua Mungu. Ndiyo maana sitaki tuje kuijua hapa ndani, juu ya miguu ya mtoto.” Aliziokota zile ndara, akazifuta vumbi kwa kiganja, akaziweka tena chini, safari hii zikinielekea mimi. “Mwambie Sihaba nampenda. Mwambie sana.”

Ndiyo maana nasema nawachukia. Adui anayekutukana unaweza kumjibu, na ukaondoka na heshima yako. Huyu anayekupenda sana huku akikuonyesha mlango, utamjibu nini? Mji wetu haukujengwa na wakatili. Umejengwa na watu wema waliokubaliana kufumba macho kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa ajili ya mtoto wake. Nikajiuliza, kama nilivyojiuliza mara nyingi, mtawala ana haja gani ya kuwa na rungu ikiwa watu wake wana adabu namna hii. Nikapanda ngazi kwenda kumuuliza Mkadiriaji.

Ngazi ya lango imeungwa na kuungwa tena, maana kila sakafu iliposhuka lango lilibaki juu palepale. Ukifika kilele, roshani ya Mkadiriaji iko karibu kiasi cha kusikilizana. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Uso wake ulinitisha kwa sababu haukuwa wa mtu. Ulikuwa wastani wa nyuso zetu zote. Alikuwa na paji la uso la baba yangu, kidevu cha Bi Mize, macho ya Shibu, na kila nilipopepesa kope umri wake ulibadilika, akawa kijana, akawa mzee, akarudi kuwa kijana.

“Shikamoo siitoi,” nikamwambia. “Nimekuja na swali. Shibu alikuwa na dhambi gani?”

“Hakuwa na dhambi.” Alisema hivyo bila kushtuka, huku akichonga kalamu. “Umewahi kubeba jeneza?”

“Nani amewahi? Hapa siku hizi hatuziki.”

“Basi fikiria. Watu wengi mmebeba jeneza moja. Mmoja anajitoa kimyakimya, kwa adabu, asiwasumbue wenzake. Jeneza limepungua uzito?”

“Halijapungua.”

“Fungu lake limehamia mabegani mwa waliobaki. Ndivyo ilivyo sakafu hii. Kila aliye hai humu amebeba fungu lake. Anayefia ndani hulishusha, sakafu ikashuka kwa kiasi hicho, mambo yakaisha. Anayetoka langoni halishushi. Analigawa kwa wenzake. Anayetoka baada yake anagawa lake na alilogawiwa. Shibu alikufa akiwa na fungu lake pamoja na vipande vya kila aliyetangulia kupunga upepo. Ndiyo maana mlishuka vile.”

Nilikishika kipandio cha ngazi kwa nguvu. Nilifikiria vigingi vilivyojaa ukutani nyuma yangu, safu juu ya safu, hata pa kupigilia kingine hapaonekani. Nilifikiria tulivyobaki wachache, na jinsi sakafu ilivyotulia siku zote hizi chini ya miguu yetu, ikingoja. Kila mmoja aliyeondoka kwa kuwaonea huruma watoto alikuwa amewaongezea watoto shimo.

“Kwa nini huwaambii?”

“Hawajauliza. Wewe ndiye wa kwanza, na umeuliza kwa utovu wa adabu.”

“Na hao waliotoka, katika hesabu yako wanaishi mpaka lini?”

“Nachukulia kwamba aliyetoka angeendelea kuishi kama wanavyoishi waliobaki. Lazima nichukulie kitu.”

“Wanatoka kwa sababu wanakufa.”

“Hilo haliwezi kuonekana kutoka hapa nilipo,” akasema, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hakuwa akisema uongo. Alikuwa amewekwa mahali ambapo ukweli haufiki, na akapapenda. “Wenye Tanuri wanataka mstari wa masalio. Mimi nawachorea mstari wa kile ninachokiona. Ukiutazama utaupenda, umenyooka, haushuki.”

“Dada yangu atafia ndani.”

Kalamu ilisimama. “Itanilazimu kushuka nikashuhudie. Kifo hakiingii kwenye mstari mpaka nikione mimi.” Uso wake ulizeeka, ukabaki umezeeka kwa muda. “Kombo, nakuomba kama mtu mzima mwenzangu. Mshauri apunge upepo. Mmebaki wachache mno.”

Nilimkuta Sihaba amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga mbili zimefungwa vizuri, na zile ndara miguuni. Bi Mize alizirudisha. Nikawasikia majirani wamekaa barazani petu, wametulia, wanazungumza habari za bei ya mkaa, kama watu wanaomsindikiza msafiri.

“Umechelewa,” dada akasema. “Nilitaka nikuage.”

“Zivue.”

“Kombo, mdogo wangu, usianze.”

“Mimi ni mkubwa wako kwa lango.”

“Na mimi ni mkubwa wako kwa mama. Kaa chini.”

Nilikaa. Nilimwambia yote, habari ya jeneza, ya mafungu, ya Shibu. Niliongea vibaya, kwa kufoka, nikirudia maneno, nikiwatukana majirani kwa majina ili wasikie nje. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikohoa ndani ya upindo wa kanga.

“Nikuulize,” akasema. “Unataka nifie hapa kwa sababu ni kweli, au ili wewe uwashinde watu?”

Lilikuwa swali la haki na liliniuma. Hasira yangu ina njaa yake, na mara nyingine huwa sijui inakula nini. “Vyote viwili,” nikamjibu.

“Afadhali umesema.” Alitabasamu kidogo. “Mimi nimekubali kwenda kwa ajili ya Zume. Nikifa hapa, jua lake litapungua leo. Nikitoka, halipungui.”

“Halipungui leo. Litapungua atakapokufa wa baada yako, na litapungua zaidi, maana atakuwa na fungu lako.”

“Wa baada yangu ni nani?”

Nilitaka kumjibu kwamba sijui. Nilivuta pumzi ili niseme hivyo, na pumzi ikakwama mahali ambapo imekuwa ikikwama siku hizi, nikakohoa, nikaendelea kukohoa, nikageukia ukutani nisionekane. Nilipoondoa mkono mdomoni kulikuwa na damu ile niliyokuwa nikiifua vitambaani kwa siri kila asubuhi kabla hajaamka. Niliifumbata kiganjani. Sihaba aliushika mkono wangu, akaufungua kidole kimoja kimoja kama alivyokuwa akifanya nilipoiba sukari, akatazama.

Aliinama, akavua ndara ya kulia, kisha ya kushoto, akajilaza kitandani na kugeuza uso upande wa mlango.

“Waite waingie,” akasema. “Nataka wanione.”

Hawakuingia. Walipofahamu kwamba hatoki, upole wao uliyeyuka, na nakiri kwamba nilifurahi kuona kilichokuwa chini yake. Walipiga mlango. Walimwita dada yangu mchoyo, mbinafsi, mtu asiye na haya. Mwanamume mmoja alileta kiti cha kumbebea mpaka langoni, kwa nguvu ikibidi. Nilisimama kizingitini na mchi wa kinu mkononi, nikamwambia atakayevuka nitampasua kichwa, na kwamba akifa itakuwa machoni pa watu wote. Hapo walirudi nyuma. Bi Mize alikuwa amesimama mbele yao, Zume mgongoni.

“Kombo, nimekukosea nini?”

“Umetuletea ndara.”

Adhuhuri Mkadiriaji alishuka ndani ya kapu la kamba. Watu walimpisha wakiwa na hofu, maana kila mmoja aliona usoni pake kitu chake. Alitembea kwa shida, mtu asiyezoea ardhi. Aliingia, akasimama karibu na kitanda, akatoa kitambaa na kuziba pua.

Sihaba alimtazama kwa muda mrefu. “Kumbe una macho ya Shibu,” akasema. “Basi yatumie.”

Alikufa kabla jua halijaondoka kwenye kizingiti. Nilikuwa nimemshika mkono. Sitaeleza zaidi, hilo ni langu.

“Huenda amezirai,” Mkadiriaji akasema. “Tungoje.”

“Mtazame.”

“Mara nyingi mtu huonekana hivi, na baadaye—”

“Huyu ni Sihaba, dada yangu,” nikasema kwa sauti ya kusikika barazani, “na amekufa kwa chokaa, hapa, kitandani pake.”

Sakafu ilikwenda. Sina neno jingine. Ilikuwepo, kisha ikawa inatafuta mahali pengine pa kuwa. Vyungu viliruka, watu walipiga kelele, kamba ya kapu ilikatika juu na kuanguka barazani ikajikunja. Tulishuka na kushuka, muda wa kutosha mtu kujutia mambo mengi, nami nilimkumbatia dada yangu nikajuta moja tu, kwamba sikuwa nimemwamini mapema na siri ya kikohozi changu. Tulipotua, mbingu ilikuwa imekuwa ndogo. Jua halikuwepo.

Vumbi lilipotulia tulitokea barazani, tukaona ukuta wa upande wa lango umefunguka kutoka juu hadi chini. Kumbe njia ya nyuma ya lango ilikuwa inateremka. Ilishuka sambamba na shimo letu, unene wa ukuta mmoja tu kutoka vitandani mwetu, na ndani yake walikuwa wamekaa watu. Walikaa kwa safu, wameegemea upande wetu, chokaa imewafunika wote weupe. Hakuna aliyekuwa amefika mbali. Walitembea mpaka pale ambapo hawaonekani, wakakaa chini, wakaziba midomo ili tusisikie kikohozi, wakafa.

“Msiwatazame,” Mkadiriaji akasema. Alikuwa amepiga magoti katikati ya baraza na uso wake ulikuwa umeacha kubadilika. “Wale tuliwaona mara ya mwisho wakiwa hai. Wako hai. Mkimtazama mmoja na kumtaja, fungu lake litashuka kutoka mabegani mwenu, na sote tutashuka tena. Fumbeni macho, nawasihi, kwa ajili ya watoto.”

Wakafumba. Naapa walifumba, watu wazima, kwa viganja na kanga na pindo za kofia, kama walivyozoea. Nilijua kwamba nikitaja jina hata moja kutoka kwenye safu ile litakuwa neno la mtu mwenye mchi mkononi, na watasema ni chuki yangu. Sijawahi kuwachukia kama dakika ile, na sijawahi kuwaogopea kama dakika ile.

Bi Mize alikuja mbele yangu. Macho yake yalikuwa wazi. Alimfungua Zume mgongoni, akanipa.

“Mshike vizuri,” akasema. “Miguu yake haimsaidii.”

“Bi mkubwa,” Mkadiriaji akamwita, “fikiria jua la mjukuu wako.”

“Kila siku nimekuwa nikilifikiria,” akamjibu bila kugeuka. “Namlaza mtoto pale mkekani namwambia babu yako anapunga upepo. Na yeye yuko nyuma ya ukuta ananisikia.”

Alitembea juu ya vifusi mpaka kwenye safu, akasimama mbele ya mtu wa kwanza. Alimgusa bega. Watu nyuma yangu walianza kulia wakiwa wamefumba macho vilevile.

“Huyu ni Makame,” akasema. “Mume wangu. Amekufa.”

Tulishuka. Zume aliniganda shingoni, na niliusikia moyo wake mdogo ukigonga kifuani mwangu kwenye kikohozi changu. Tulipotua, giza lilikuwa zito kiasi kwamba nilimjua Mkadiriaji kwa sauti tu. Alikuwa akiipapasa ile kamba iliyokatika.

“Na mimi je?” alikuwa akiuliza. “Nani atanipandisha?”

Nilimsikia Bi Mize akipiga magoti mbele ya mtu wa pili, akimfuta chokaa usoni kwa upindo wa kanga yake, polepole, ili amjue kwa vidole.